Kupangisha Apatimenti ya Chumba Kimoja Yenye Fanicha Dar es Salaam, Bila Dalali

Mpangaji wangu wa kwanza alipoondoka tulibishana karibu saa nzima juu ya godoro. Mimi nilisema nilimkabidhi jipya, nailoni yake ikiwa bado haijatoka. Yeye alisema alilikuta na doa. Kila mmoja aliapa, na nadhani kila mmoja aliamini anachosema. Karatasi hakuna aliyekuwa nayo. Nikamrudishia amana yake yote, nikanunua godoro lingine, na tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuandika hadi idadi ya vijiko vya chai.

Apatimenti yenyewe iko Upanga, ghorofa ya tatu: chumba kimoja masta, sebule iliyoungana na jiko, kibaraza cha kuanikia nguo. Naipangisha mwenyewe, ikiwa na vitu vyote ndani. Haya ninayoandika ni kwa mwenye apatimenti kama hiyo hapa Dar es Salaam, awe ameinunua, ameirithi, au amehamishiwa kazi Dodoma na hataki kuuza makochi yake kwa bei ya kutupa.

Neno moja kabla hatujaanza. Sisi huita "kodi" pesa anayolipa mpangaji, na tunaita "kodi" pesa inayokwenda serikalini. Kwenye maongezi tunaelewana, kwenye mkataba ni chanzo cha ugomvi. Humu nitasema "pango" kwa ile ya mpangaji na "kodi" kwa ile ya TRA. Mkataba wako nao uandike hivyo.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yako kuipangisha

Linaonekana jambo la kitoto, lakini fikiria. Kama apatimenti ni ya urithi na mirathi haijafungwa, anayesaini ni msimamizi wa mirathi, siyo mtoto mkubwa wala yule anayekaa na funguo. Kama wewe mwenyewe ni mpangaji wa Shirika la Nyumba la Taifa, hiyo nyumba si yako kumpangisha mtu mwingine, hata kama jirani yako anafanya hivyo na anatamba. Kama kuna mkopo wa benki juu yake, soma masharti ya mkopo kwanza.

Kisha ongea na uongozi wa jengo. Majengo mengi yana umoja wa wamiliki unaokusanya ada ya kila mwezi kwa ajili ya walinzi, usafi, pampu ya maji, lifti na dizeli ya jenereta. Waulize mambo manne: ada ni kiasi gani, maegesho ya mpangaji yako wapi, mizigo inaruhusiwa kupandishwa saa ngapi, na kama wanakataza wageni wa siku mbilimbili. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu kuna wapangaji wanaochukua apatimenti yenye fanicha kwa mwaka, kisha wanaiweka kwenye mtandao wa kupokea wageni wa usiku mmoja. Faida inakuwa yao, wewe unabaki kupigiwa simu na walinzi.

Hatua ya 2: Mjue mteja, ndipo uende Keko

Nyumba yenye fanicha haimfai kila mtu. Familia iliyokwisha kujipanga ina vitanda vyake na makabati yake. Ukiwapa apatimenti yenye vitu utajikuta unatafuta stoo ya kuhifadhi kochi lako. Anayeitafuta ni mtu wa kupita. Kwa Upanga ni daktari aliyekuja Muhimbili kwa mafunzo ya miezi kadhaa, au mfanyabiashara kutoka Lubumbashi au Lusaka anayekaa mjini wiki nyingi kwa mwaka kufunga mzigo Kariakoo na amechoka na hoteli. Masaki na Oysterbay wanaotafuta ni watu wa balozi na mashirika, na hao wanauliza jenereta kabla ya kuuliza bei. Sinza, Kijitonyama na Makumbusho ni vijana walioanza kazi. Wao wanaangalia pango na umbali wa kituo cha basi.

Ukishamjua, nunua kwa ajili yake. Ushauri wangu ni kununua vichache vinavyodumu.

Kitanda cha mbao ngumu kutoka kwa mafundi wa Keko, mninga au mkongo, futi tano kwa sita. Kabati la mbao za kugandamizwa linapendeza dukani, ila hewa ya Dar ina unyevu na chumvi. Masika mawili tu linavimba chini na milango haifungi. Kochi liwe na vitambaa vinavyovuliwa na kufuliwa, tena visiwe vyeupe. Friji iwe na kifaa chake cha kuilinda umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Jiko la gesi na mtungi wake: mtungi ni wako, gesi ni ya mpangaji. Kiyoyozi kimoja chumbani kinatosha, sebuleni feni ya dari. Nyavu madirishani na chandarua kitandani, kwa sababu mbu wa Upanga hawajui kwamba uko ghorofa ya tatu.

Maji nayataja peke yake. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu uliposhuka, DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, walitangaza mgawo jiji zima, na wenye nyumba tulijuana nani ana simtank na nani ana maneno. Kama jengo lina tangi kubwa la pamoja, jua linajazwa vipi na nani anawasha pampu. Mpangaji atakuuliza, na jibu la "huwa yanatoka tu" halimridhishi mtu aliyewahi kuoga kwa kopo saa kumi alfajiri.

Usichoweka ni muhimu kama unachoweka. Ondoa kila kitu ambacho kikivunjika utalia: mkeka aliosuka bibi, seti ya vikombe vya harusi, picha za ukutani za familia. Kuna thamani ambayo amana hailipi.

Hatua ya 3: Bei, kwa shilingi

Kulikuwa na mtaa ambako mtu akikutajia pango kwa shilingi ulidhani anatania. Hilo limekwisha. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa biashara ya hapa nchini, na pango limo. Andika shilingi kwenye tangazo, kwenye mkataba na kwenye risiti.

Kupata bei, anza na pango la apatimenti tupu kwenye jengo lako au la jirani. Usiulize madalali, uliza mlinzi. Mlinzi anajua nani analipa nini. Halafu jumlisha gharama ya vitu vyote ulivyoweka ndani, gawanya kwa miezi 36. Huo ndio muda ambao mimi huwapa vitu kabla sijaanza kuvibadilisha. Tuseme apatimenti tupu ni 650,000 na vitu vyako vimekugharimu 5,400,000. Ukigawanya unapata 150,000 kwa mwezi. Pango lako ni 800,000. Ukitoza chini ya hapo, fanicha unaitoa sadaka.

Sasa punguza ndoto. Pango la 800,000 ni 9,600,000 kwa mwaka. Kodi ya zuio ya pango ni 10%, na kwa utaratibu wa TRA mpangaji ndiye anayeikata na kuipeleka, wewe unabaki na uthibitisho wa malipo: 960,000 imeondoka. Ada ya jengo, tuseme 70,000 kwa mwezi, ni 840,000. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na tangu Julai 2023 kwa ghorofa ni 7,500 kwa mwezi, yaani 90,000. Ushuru wa stempu kwenye mkataba ni 1% ya pango la mwaka, 96,000, kama mmekubaliana uubebe wewe. Unabaki na 7,614,000. Na kama apatimenti ikikaa tupu mwezi mmoja, ambalo ni jambo la kawaida kwa wapangaji wa kupita, unabaki na 6,894,000, maana pango la mwezi huo halipo na kodi yake ya 10% haipo. Gawa kwa 12: ni 574,500 kwa mwezi, kabla fundi wa kiyoyozi hajagonga mlango. Mtaani wanajua unapokea laki nane.

Hiyo kodi ya jengo ina kasheshe yake. Mpangaji ndiye anayenunua umeme, kwa hiyo ndiye anayekatwa, ingawa kodi ni ya mwenye nyumba. Wengi hawalisemi, wanalinung'unikia. Mimi naliandika kwenye mkataba: ile 7,500 inahesabika kama sehemu ya pango, na kila malipo yanapofika anaitoa. Ni pesa ndogo inayonunua heshima kubwa.

Hatua ya 4: Tangazo

Piga picha asubuhi, mapazia yakiwa wazi, vyombo vikiwa vimekauka na kifuniko cha choo kimefungwa. Picha kumi: kila chumba pembe mbili, bafu, jiko, mandhari ya kibarazani, na mlango wa jengo kwa mbali. Namba ya nyumba isionekane. Ongeza video ya dakika moja ukitembea kutoka mlangoni hadi kibarazani bila kuongea, isipokuwa ufungue bomba jikoni ili maji yaonekane.

Andika bei juu ya picha zenyewe. Usipofanya hivyo, kesho utaikuta apatimenti yako kwenye kurasa za madalali watatu, kila mmoja na bei yake, na mteja atakuja kukutukana kwa kumwongezea. Maneno yawe machache:

"Apatimenti ya chumba kimoja masta, Upanga, ghorofa ya 3, lifti ipo. Ina fanicha zote, kiyoyozi chumbani, friji, jiko la gesi. LUKU yake peke yake. Tangi la maji la jengo. Maegesho ya gari moja. Pango 800,000 kwa mwezi, malipo ya miezi mitatu mitatu, amana ya mwezi mmoja. Mkataba usiopungua miezi sita. Napangisha mwenyewe, hakuna udalali, kuangalia ni bure."

Hayo maneno saba ya mwisho ndiyo yanayouza. Aliyezunguka mjini wiki mbili akilipa elfu kumi hapa na elfu ishirini pale ili tu aonyeshwe vyumba, kisha akaambiwa dalali anataka pango la mwezi mzima, akisoma hivyo anapiga simu papo hapo.

Weka kwenye hali ya WhatsApp, kwenye makundi ya kazini na ya watu uliosoma nao, Instagram, na mitandao ya matangazo madogo. Kwa mteja wa Upanga, karatasi moja iliyobandikwa kwa ruhusa kwenye ubao wa hospitali au chuo inaweza kufanya kazi kuliko kurasa zote hizo.

Madalali watakupigia, tena ndani ya saa moja. "Bosi, nina mteja yuko tayari, ana hela mkononi." Sina ugomvi nao, ni watu wanaotafuta riziki na wengine wanaujua mji kuliko ofisi ya ardhi. Jibu langu ni moja: mlete mteja, malizaneni wenyewe, mimi sitoi wala sipokei, na bei ni ile iliyoandikwa. Wengi hawarudi. Mmoja alirudi, na mteja wake alikaa miaka miwili.

Hatua ya 5: Kumwonyesha, na kumwangalia

Onyesha mchana. Fungua mabomba yote, washa kila taa, mwache akae kwenye kochi. Mwambie pia ubaya: jenereta ya jengo la jirani inanguruma umeme ukikatika, jua la saa tisa linapiga sebule, lifti hugoma. Asiyeweza kuvumilia aondoke leo, siyo mwezi wa pili.

Wakati yeye anaangalia nyumba, wewe mwangalie yeye, kwa upole. Uliza anafanya kazi wapi, watakaa wangapi, kwa nini anahama alipo, anahitaji hadi lini. Sikiliza hasa jibu la kwa nini anahama. Anayemsema vibaya mwenye nyumba wa sasa kwa robo saa, mwakani atakuwa anakusema wewe kwa mwenzio.

Kwa aliyekubali, omba namba ya NIDA na nakala ya kitambulisho. Mgeni alete pasipoti na kibali cha ukaazi. Barua ya kazi au kitu kinachoonyesha biashara yake. Mdhamini mmoja mwenye simu inayopokelewa, na umpigie kweli. Mwenye nyumba wake wa sasa, ukiweza kumpata, muulize swali moja tu: "Ungempangisha tena?" Ukimya kabla ya jibu unatosha.

Ukishampata, mpeleke ajitambulishe serikali ya mtaa. Mjumbe akimjua mpangaji wako tangu wiki ya kwanza, siku ya tatizo hutaanza kwa kueleza ni nani.

Utapeli uko pande zote mbili. Ujumbe wa simu unaosema "umepokea 3,200,000" si pesa. Angalia salio mwenyewe kabla ya kutoa funguo. Na mpangaji naye anaujua ule ujumbe uliosambaa nchi nzima: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii." Kwa hiyo mkataba utaje akaunti moja ya benki au namba moja ya simu yenye jina lako, na useme wazi kwamba mabadiliko yoyote yatafanywa kwa maandishi na kwa kuonana uso kwa uso.

Hatua ya 6: Mkataba

Sheria ya kudhibiti pango ilifutwa 2005. Maana yake, mengi ambayo zamani sheria ingekuamulia, leo yanaamuliwa na karatasi yenu. Iandike kwa Kiswahili, lugha ambayo wote wawili mnaielewa. Tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama pia, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba mkataba wa Kiingereza una nguvu zaidi. Mlipe wakili aupitie na aushuhudie mara moja, kisha unaweza kuutumia kama kiolezo kwa wapangaji wanaofuata.

Yawemo majina na vitambulisho, apatimenti ipi na iko wapi, tarehe ya kuanza na kuisha, pango na siku ya kulipa, amana na inarudishwa lini. Nani analipa umeme, maji, intaneti, gesi, ada ya jengo. Idadi ya wakaaji. Marufuku kumpangisha mtu mwingine hata kwa usiku mmoja. Notisi ya kuvunja mkataba, mimi huweka mwezi mmoja kwa pande zote mbili. Na haki yako ya kuingia kukagua: taarifa ya siku mbili, mpangaji akiwepo. Hiyo ya mwisho inakubana wewe zaidi, na ni vizuri. Kuwa na ufunguo wa akiba hakukupi ruhusa ya kuingia kuangalia kama ameosha vyombo.

Kuhusu malipo ya mkupuo, najua mji umezoea miezi sita au mwaka. Kwa apatimenti yenye fanicha napendelea miezi mitatu mitatu. Mteja mzuri wa kupita hana milioni tano za kukupa siku moja, na aliyelipa mwaka mzima ni vigumu kumtoa akianza vituko mwezi wa pili. Kila baada ya miezi mitatu kuna sababu halali ya kuonana, kunywa chai na kuona hali ya ukuta.

Gharama za matengenezo zigawe kwa sentensi moja inayoeleweka: kinachochakaa kwa kutumika ni cha mwenye nyumba, kinachovunjika kwa mkono wa mtu ni cha mpangaji. Balbu ni yake. Kiyoyozi kusafishwa kila miezi minne ni kwako, na usiruke, kwa sababu kiyoyozi kichafu kinadondosha maji ukutani na rangi ya ukuta ni yako.

Hatua ya 7: Siku ya kukabidhi

Hapa ndipo nilipopoteza godoro, kwa hiyo nitakaa hapa.

Tenga saa mbili, mchana. Asije na mizigo yake siku hiyo hiyo. Makasha yakishaingia ndani hakuna anayehesabu tena. Muwe watatu: wewe, yeye, na shahidi mmoja. Orodha uwe umeiandaa usiku uliopita, nakala mbili, yenye safu nne: kitu, idadi, hali siku ya kuingia, hali siku ya kutoka. Safu ya nne inabaki tupu, na ule utupu wake peke yake unamwambia mpangaji kwamba ipo siku itajazwa.

Anzeni mlangoni, mzunguke kwa mkono wa kulia chumba hadi chumba bila kuruka. Safu ya hali ndiyo yenye kazi. Usiandike "nzuri". Andika "kochi la watu watatu, kijivu, mkono wa kushoto una mkwaruzo wa sentimita tano". Andika "friji, droo ya chini ina ufa". Andika "ukuta wa sebule, matundu mawili ya misumari juu ya televisheni". Kasoro anazoziona yeye ziandike kwa furaha, hata ndogondogo, na umwache aandike nyingine kwa mkono wake. Mpangaji aliyeandika kasoro tatu kwa mwandiko wake anaiamini orodha nzima.

Godoro livueni shuka, mlipige picha pande zote mbili. Mimi huwa namwomba mpangaji apige kwa simu yake, siyo yangu, kisha anitumie. Picha inabaki kwenye mazungumzo yetu na tarehe yake, na hakuna atakayesema niliipiga nyumba nyingine.

Jikoni mhesabu kwa sauti. Sahani za chakula sita, bakuli sita, glasi sita, sufuria tatu na vifuniko vyake, kisu, ubao, mwiko, mbuzi ya nazi kama umeiweka, thermosi ya chai. Vijiko vya chai 12. Wengine hucheka. Wacheke tu.

Washa kila kitu kinachowaka. Kiyoyozi dakika kumi hadi kitoe baridi. Hita ya maji. Majiko yote ya gesi. Vuta maji chooni mara mbili. Fungua na funga kila dirisha, kila droo. Halafu nendeni kwenye mita ya LUKU, mpige picha ya uniti zilizobaki, mwandikie namba ya mita mahali ambapo haitapotea. Mimi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, pamoja na namba ya fundi bomba na ya mlinzi. Kama mita ya maji ni yenu peke yenu, isomeni na kuiandika. Ankara za nyuma zote ziwe zimelipwa, na umwonyeshe.

Mwonyeshe koki kuu ya maji iko wapi na swichi kuu ya umeme iko wapi. Mwonyeshe namna ya kufunga mtungi wa gesi. Bomba likipasuka usiku wa manane, anayejua koki iko wapi anaokoa dari ya jirani wa chini, na hiyo dari ungeilipa wewe.

Mwisho saini kila ukurasa, yeye, wewe na shahidi. Funguo zihesabiwe na ziandikwe: za mlango mkuu mbili, chumba moja, geti moja, kadi ya maegesho moja. Nakala moja anaondoka nayo. Ndipo mnapeana mikono.

Hatua ya 8: Akiwa ndani

Mwache akae. Pokea simu akipiga, peleka fundi ndani ya siku mbili, toa risiti kila anapolipa. Uthibitisho wa kodi ya zuio uuweke kwenye faili.

Akichelewa pango, mpigie siku ya tatu, siyo ya thelathini. Aliyekwama kweli atakwambia tarehe, na tarehe iandikeni. Akigoma kabisa, usithubutu kung'oa mlango, kukata umeme wala kutoa vitu vyake nje, hata kama mjomba wako alifanya hivyo Magomeni akafanikiwa. Ukifanya hivyo, kesi inageuka na mshtakiwa unakuwa wewe. Mpe notisi ya maandishi, nendeni Baraza la Kata mpatanishwe, na ikishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko watauliza mkataba, risiti na notisi, na wewe unavyo.

Hatua ya 9: Siku ya kutoka

Wiki mbili kabla, pitia naye nyumba bila rasmi. Mwonyeshe utakachokidai ili apate nafasi ya kukitengeneza kwa fundi wake, kwa bei yake. Hii imeniondolea ugomvi mwingi kuliko kifungu chochote cha mkataba.

Siku yenyewe toa ile orodha. Mzunguke njia ile ile, kutoka mlangoni kwa mkono wa kulia, mkijaza safu ya nne. Soma LUKU, soma maji, hakikisha ankara ya mwezi wa mwisho haibaki kwenye jina lako ikiwa na deni lake. Pokea funguo kwa hesabu.

Unachokata kwenye amana kiwe na bei inayothibitika: risiti ya fundi, bei ya dukani. Kitu kilichokaa miaka miwili usimdai bei ya kipya. Kwa hesabu yangu ya miezi 36, kimebakiwa na theluthi moja ya thamani yake, na hiyo theluthi ndiyo ninayodai. Rangi iliyofifia na kapeti iliyolala ni uchakavu wa kawaida, haulipwi na mtu. Salio la amana mtumie siku ile ile kama unaweza, kwa akaunti ile ile iliyolipia. Mpangaji aliyepewa amana yake mlangoni ndiye anayekuletea mwenzake wa kazini wiki inayofuata.

Mwaka jana dada mmoja aliyekuwa Muhimbili kwa mafunzo alitoka. Vijiko vya chai vikawa 11. Akavua mkoba, akaanza kutafuta elfu moja, nikamwambia aiache. Akakataa, akasema kimeandikwa, na akalipa.

Jioni ile ile nilibadilisha kitasa, nikapuliza dawa ya wadudu, nikafungua madirisha yalale wazi. Asubuhi nilipiga picha upya.